Kitalu nyumba Kimandolu: Joto la Februari ndilo linaloamua faida

Na Mwandishi Wetu, Arusha

KITALU nyumba kilichojengwa bila kuzingatia upitishaji wa hewa kinaweza kufikia nyuzi joto 45 za Selsiasi ifikapo saa saba mchana, wakati nje ya ukuta wa nailoni watu wanapita katika hewa ya nyuzi 29. Mnyanya hauhimili hali hiyo. Majani yatabaki ya kijani na shina litaendelea kurefuka, lakini maua yatapukutika moja baada ya jingine, na mwenye mradi ataanza kulaumu mbegu.

Tofauti hiyo ya nyuzi 16 ndiyo inayoeleza kwa nini fremu tupu zenye nailoni iliyochanika si kitu kigeni katika viunga vya miji nchini. Teknolojia ilipokelewa kwa shauku kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Ofisi ya Waziri Mkuu iliendesha mafunzo ya kilimo cha kitalu nyumba kwa vijana katika halmashauri mbalimbali, na vikundi vingi vimekuwa vikitazama mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kama njia ya kupata mtaji. Mkopo hulipwa hata kama maua yamepukutika.

Kimandolu, kata iliyo upande wa mashariki wa Jiji la Arusha kando ya barabara iendayo Moshi, ni mahali panapofaa kulitazama suala hili. Viwanja ni vidogo, maji ni ya kupimiwa, na soko liko jirani: Kilombero upande wa mjini na Tengeru upande wa Arumeru, ambako siku za gulio ni Jumatano na Jumamosi. Isitoshe, utaalamu hauko mbali. Tengeru kuna kituo cha utafiti wa mazao ya bustani, ambacho sasa kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na Kituo cha Mboga cha Dunia kimekuwapo eneo hilo tangu mwaka 1992. Chama cha wakulima wa mazao ya bustani, TAHA, kilichoanzishwa mwaka 2004, nacho kina makao yake Arusha.

Kalenda ya fedha

Arusha iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo si mji wa joto kama Dar es Salaam au Tanga, na baadhi ya watu hudhani kuwa tahadhari za joto haziwahusu. Hapo ndipo hesabu huharibika.

Nyanya za shambani hujaa sokoni miezi ya kiangazi, na bei ya tenga hushuka. Masika inapoanza Machi, ugonjwa wa bakajani chelewa huyapiga mashamba ya wazi, na kufikia Aprili na Mei bei hupanda. Mwenye kitalu nyumba hupata faida yake katika kipindi hicho, kwa kuwa nyanya zake hazinyeshewi. Ili avune kuanzia Aprili, inambidi asie mbegu katikati ya Desemba na kuhamisha miche katikati ya Januari. Maua ya kwanza yatafunguka kuanzia mwishoni mwa Februari, na matunda yatashika hadi Machi.

Februari ndicho kilele cha joto la Arusha. Jua nalo liko karibu kabisa utosini, kwani mji upo nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta. Kwa maneno mengine, zao lenye bei nzuri kuliko yote huchanua katika wiki ambazo banda huwa tanuri. Chavua ya mnyanya huanza kuharibika joto la mchana linapopita nyuzi 32 au 35, kutegemea aina, na usiku wenye joto huongeza hasara. Usiku wa Arusha husaidia sana katika hili. Kazi inayobaki ni kuishi na mchana.

Hewa kabla ya kivuli

Jua la saa sita mchana huleta takriban wati 1,000 katika kila mita moja ya mraba. Banda la kawaida la mita 8 kwa 15, lenye eneo la mita za mraba 120, likipitisha asilimia 70 ya mwanga huo, hupokea wati zipatazo 84,000. Ni sawa na kuwasha pasi za umeme zaidi ya 80 ndani ya chumba kimoja. Hakuna feni ya dukani inayoweza kulitoa joto la kiasi hicho kwa bei inayomfaa mkulima wa nyanya. Linaloweza kulitoa ni upepo, pamoja na tabia ya hewa moto kupanda juu.

Kwa sababu hiyo urefu wa banda hauna mjadala. Ukingo wa paa usipungue mita tatu, na kilele kizidi hapo, ili hewa iliyopashwa moto ikusanyike juu ya vichwa vya mimea na kutoka kupitia dirisha la paa. Mabanda mafupi huvutia kwa sababu hula nguzo chache na nailoni kidogo. Ndiyo yanayokufa mapema.

Mwelekeo nao hutoa faida bila gharama. Mgongo wa paa ukielekezwa kaskazini na kusini, kivuli cha nguzo na cha mistari ya mimea huhama siku nzima badala ya kuganda mahali pamoja. Pepo za Arusha kwa kawaida hutoka upande wa mashariki, hivyo ubavu mrefu wa banda huupokea upepo moja kwa moja. Dirisha la paa litazame magharibi, mbali na unakotoka upepo, ili upepo unaopita juu uvute hewa moto kutoka ndani. Katika kiwanja kilichobanwa na ukuta wa jirani au nyumba ya ghorofa upande wa mashariki, kanuni hizi hufanya kazi nusu, na pengine ni busara kuachana na nailoni na kujenga banda la wavu mtupu.

Kanuni inayotumika katika nchi za joto ni kwamba nafasi za hewa zifikie angalau robo ya eneo la sakafu. Kwa banda la mita za mraba 120, hizo ni mita za mraba 30. Mapazia mawili ya pembeni, kila moja la urefu wa mita 15 na kimo cha mita moja na nusu, hutoa mita za mraba 45. Ni nyingi kwa kutazama. Lakini mapazia hayo hufunikwa kwa wavu wa kuzuia wadudu, na wavu wenye matundu madogo unaweza kupunguza hewa kwa nusu au zaidi. Zinabaki zipatazo 22. Dirisha la paa la upana wa mita moja, likiwa na wavu wake, huongeza saba na nusu, na hapo ndipo 30 zinapotimia. Anayeondoa dirisha la paa ili kupunguza gharama anakuwa ameondoa sehemu ambayo hewa moto ilikuwa ikiitafuta.

Kuondoa wavu si suluhisho. Nondo wa nyanya, ambaye wakulima wengi wanamfahamu kwa jina la kantangaze, aligunduliwa nchini mwaka 2014 wilayani Arumeru, na tangu wakati huo amefanya kilimo cha nyanya bila wavu kuwa vita vya sumu. Inzi weupe nao hueneza virusi vya majani kujikunja. Mlango uwe wa vyumba viwili, mmoja ufungwe kabla ya mwingine kufunguliwa.

Kivuli hufuata baada ya hewa. Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 35 inatosha Arusha, na iwekwe nje, juu ya nailoni, ikiachiwa nafasi. Ikitundikwa ndani, hunyonya mwanga na kuugeuza joto lilelile lililokuwa likikimbiwa. Iwekwe kuanzia Desemba au Januari hadi mwanzo wa mvua za masika, kisha iondolewe, kwa kuwa katika miezi ya mawingu, Juni hadi Agosti, mimea hudai kila mwanga unaopatikana. Neti ya asilimia 75, ambayo hununuliwa na wengi kwa hofu ya jua, hutoa mimea mirefu, dhaifu na isiyozaa.

Mimea yenyewe ni kipoozeo. Lita moja ya maji inayogeuka mvuke huchukua joto linalolingana na la pasi ya wati 1,000 kwa takriban dakika 40. Miche 300 iliyokua, ikinywa lita moja na nusu kila mmoja kwa siku, huvukiza karibu lita 450. Ndiyo maana banda huwa kali zaidi miche ikiwa midogo. Katika wiki hizo kulowesha njia na kutandaza nyasi kavu juu ya udongo husaidia. Kupuliza ukungu wa maji pia husaidia, lakini pale tu hewa inapopita; katika banda lililofungwa huleta mvuke wa bafuni, na majani yasiyokauka kabla ya jioni hukaribisha magonjwa.

Kuna jambo moja dogo ambalo husahauliwa. Ua la mnyanya hujichavusha lenyewe, ila linahitaji kutikiswa. Nje, upepo na nyuki hufanya kazi hiyo. Ulaya hutumia nyuki wakubwa wa manyoya ambao asili yao si Afrika kusini mwa Sahara. Ndani ya banda la Kimandolu, kazi hiyo ni ya mkono: kamba zinazoshikilia mimea zigongwe kidogo kila asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, kabla joto halijapanda.

Maji ya Meru

Maji yanayotoka miteremko ya Mlima Meru yanajulikana kwa floraidi, ambayo imeacha alama kahawia katika meno ya vizazi vingi vya mkoa huu. Kwa mkulima, tatizo la karibu zaidi ni sodiamu na magadi yaliyomo katika sehemu kubwa ya maji hayo. Humwagiliwa ndani ya banda ambalo mvua haiingii, hivyo hakuna kinachoyasafisha chini ya mizizi. Baada ya misimu michache udongo hukakamaa, na majani machanga huwa ya njano yenye mishipa ya kijani, dalili ya mmea kukosa madini ya chuma ambayo yapo lakini hayashikiki.

Dawa ya bei nafuu ipo juu ya kichwa. Paa la mita za mraba 120 hupokea lita 120 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua ya milimita 50 ni lita 6,000, hata kama sehemu yake itapotea. Mifereji na tangi vihesabiwe katika bajeti ya ujenzi, na maji ya mvua yachanganywe na ya bomba. Tangi likiinuliwa mita moja na nusu hadi mbili, mipira ya matone ya shinikizo dogo hufanya kazi bila pampu. Umwagiliaji ugawanywe mara kadhaa kwa siku, kwa kuwa ukame wa saa chache unaofuatwa na mafuriko ndio unaoleta kuoza kitako cha tunda.

Mnyauko bakteria hauna tiba. Shamba lililowahi kuugua lisitumike, la sivyo miche ibebeshwe juu ya shina la bilinganya, njia ambayo Kituo cha Mboga cha Dunia kimeieneza katika nchi nyingi za joto.

Hema la taa

Wapo wanaouliza kuhusu mahema meusi ya ndani yenye taa za umeme na feni. Mahema hayo yalipata umaarufu Ulaya na Amerika Kaskazini kwa sababu ya wakuzaji wa bangi, walioyahitaji ama kwa kujificha au kwa kukosa jua. Nchini Tanzania kilimo cha bangi ni kosa la jinai, liwe la shambani au la chumbani, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na hatari yake ni kifungo kirefu jela. Upande wa pili wa Meru, Kisimiri wilayani Arumeru, ambako bangi imelimwa porini kwa miaka mingi, mashamba yameteketezwa katika operesheni za mara kwa mara na wakulima kuhimizwa kuhamia mazao mengine, yakiwamo ya bustani.

Kwa mboga, hema la taa halina hesabu hapa. Taa ya wati 600 humwaga karibu wati zote 600 kama joto ndani ya chumba ambacho tayari kina joto, na umeme hulipiwa. Mahali pake panapokubalika ni kuotesha miche michache, na hata hiyo huota vizuri chini ya neti.

Ifikapo Juni tatizo hugeuka. Usiku hushuka hadi nyuzi 12 au 13, umande hujikusanya chini ya nailoni na kudondokea majani, na bakajani chelewa, iliyoshindwa kuingia na mvua, hupata njia nyingine. Wengi hufunga mapazia usiku kucha na kuyafungua jua likishakuwa kali. Inafaa zaidi kuacha dirisha la paa wazi kidogo usiku na kufungua mapazia mapema asubuhi, mara jua linapochomoza, ili unyevu utoke kabla haujawa matone. Kipimajoto chenye kuonyesha joto la juu na la chini la siku kitundikwe kivulini kwa kimo cha maua. Kisitundikwe mlangoni, ambako daima huonyesha habari njema.