Neno « amani »: limetoka wapi, na wengine wanalisikia namna gani?

Huku mashariki mwa Kongo, neno amani liko kila mahali. Watoto wengi wanaitwa Amani, wavulana na wasichana. Nyuma ya mkutano wa Goma wa mwezi wa kwanza 2008, serikali iliita mpango wake Amani. Mwaka 2010, jeshi lilianzisha katika Kivu operesheni Amani Leo. Mwaka 2014, tamasha ya muziki ikaanza Goma kwa jina hilohilo.

Neno hili ni la Kiarabu, lakini kwa Waarabu aman si amani tunayoisema sisi. Ni usalama, ni ulinzi. Mu sheria ya zamani ya inchi za Kiislamu, aman ilikuwa ahadi: mgeni ao adui akiiomba na kuipewa, ilikuwa marufuku kumuua ao kuchukua mali yake. Wafanyabiashara wa Ulaya walisafiri mu inchi hizo kwa ahadi ya namna hiyo. Amana, imani na kuamini ni ndugu za neno hili, mzizi wao ni mmoja.

Basi Waarabu wanaitaje amani? Wanasema salam. Kwetu salam ilibaki salamu, kusalimiana tu, na ndugu yake salama ikatupatia usalama. Nafasi ya salam ikachukuliwa na amani.

Wengine walibaki karibu na maana ya zamani. Indonesia, aman ni salama. Lile Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, wao wanaliita Dewan Keamanan, na Waarabu Majlis al-Amn. Kwa Waturuki, « aman! » ni sauti ya mtu anayeomba huruma ao anayeshangaa. Wagiriki nao wana nyimbo za huzuni zinazoitwa amanes, juu ya kilio hicho hicho.

Mama anayeenda shamba akiuliza « Kule kuko amani? », haulizi kama mapatano yametiwa sahihi. Anauliza kama atarudi nyumbani na mzigo wake. Bila kujua, anarudisha neno kwenye maana yake ya kwanza. Kwa hiyo, tukiambiwa kwamba amani imerudi, tuulize: nani ametoa ahadi, ameitoa kwa nani, na akiivunja, nani atamuuliza?