Waliomba Nguvu, Wakapewa Toba

Septemba 1929 daktari kijana Mwingereza, Joe Church, aliingia Kampala akiwa hoi. Alitoka Gahini, kilima kinachotazama Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, ambako hospitali yake changa ilikuwa imezidiwa na njaa ambayo Wanyarwanda wanaikumbuka kwa jina la Rwakayihura. Watu walikuwa wakifia njiani wakitafuta chakula. Daktari alikuja kupumzika, na zaidi ya hapo alikuja na swali lililomsumbua: mbona kanisa lina waumini wengi, wamebatizwa, wanaimba vizuri, na maisha yao ni yale yale?

Jumapili moja, nje ya kanisa kuu la Namirembe, alimkuta Mganda amesimama kando ya pikipiki yake. Alikuwa Simeoni Nsibambi, mtumishi wa idara ya afya ya serikali. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia kikosi cha tiba, na baadaye akatamani kwenda kusoma ng'ambo. Nafasi hiyo hakuipata. Iliyomjia badala yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ni fikra kwamba uzima wa milele unapita masomo yoyote ya Ulaya. Huyu ndiye mtu aliyekuwa na swali lile lile la daktari.

Wakakaa siku mbili na Biblia zao, wakifuatilia kila andiko linalomtaja Roho Mtakatifu, wakaomba wajazwe nguvu zake. Church akarudi Gahini. Haukupita muda mmisionari mmoja wa Uganda akamlalamikia: umemfanya nini Nsibambi? Anazunguka mjini akiuliza kila mtu kama ameokoka! Nsibambi aliacha kazi ya serikali, akaacha na viatu, akawa mhubiri wa miguu mitupu.

Hapa ndipo hadithi inaponivutia kuliko simulizi nyingi za maombi yaliyojibiwa. Wale wawili waliomba nguvu, na yeyote angetarajia umati, miujiza, labda vipofu kuona. Badala yake, huko Gahini hali ilizidi kuwa mbaya. Wafanyakazi wa hospitali waligombana, dawa na vyakula viliibwa, na kati ya wazungu na Waafrika palikuwa na ukuta. Mwaka 1931 Yosiya Kinuka, kiongozi wa wahudumu wa hospitali, alikwenda Kampala kumwona Nsibambi, akamwaga lawama zake zote juu ya kituo kile. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba tatizo la Gahini linaanzia moyoni mwake yeye Kinuka. Kinuka alikasirika, kama ambavyo ningekasirika mimi. Lakini njiani kurudi nyumbani akayatafakari yale maneno, akatubu, na wenzake wakampokea mtu mwingine kabisa.

Mwishoni mwa 1933 pakafanyika mkutano wa mafundisho hapo Gahini. Ulikuwa umepooza. Siku ya mwisho, katika kipindi cha maombi, Mkristo mmoja Mnyarwanda alisimama akaungama dhambi zake hadharani. Akafuata mwingine, na mwingine. Kwa zaidi ya saa mbili watu walisimama wakisubiri zamu ya kusema yale ambayo kwa kawaida mtu huyaficha hata kwa mkewe.

Na baada ya maneno yakaja matendo. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa kwa wenyewe. Madeni ya zamani yalilipwa. Wamisionari nao waliwaomba radhi Waafrika kwa kiburi chao, jambo ambalo katika miaka ile ya ukoloni lilikuwa nadra kama mvua ya kiangazi. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi wenye uzito kuliko kilio cha wanaoungama, maana machozi hukauka, lakini mali ikirudi kila mtu anaiona.

Si kila ombi lilijibiwa walivyotaka. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyefundisha wainjilisti Gahini, ndiye aliyekuwa moto wa uamsho. Mwaka 1935 alijifungia kwa siku kadhaa kuomba, akatoka akihubiri kwa ujasiri mpya. Januari 1936 alikwenda Kampala kuzungumza na sinodi ya kanisa kuhusu ubaridi wa Wakristo, akaugua homa, akafa kabla ya kusema. Hoja zake zilifika mbele ya sinodi bila yeye.

Kutoka hapo moto ulisambaa: Kabete nchini Kenya mwaka 1937, Katoke, Tanganyika, mwaka 1939. Si maaskofu wote waliofurahi. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa sababu waliamka alfajiri kuomba na kukemea dhambi bila kibali. Watu wa uamsho, au walokole kama walivyokuja kuitwa, walibaki ndani ya makanisa yao, Anglikana, Kilutheri, Presbiteri, wakakutana katika vikundi vya ushirika ambavyo havikuhitaji mchungaji wala jengo. Miongoni mwa Walutheri, Bukoba, Tanganyika, ndiko alikotoka Josiah Kibira, mtu wa uamsho, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.

Imani hiyo ilipimwa kwa damu. Wakati wa Mau Mau ndugu wengi wa Kenya ya Kati walikataa kula kiapo, na pia walikataa bunduki ya serikali, na wengine waliuawa. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin. Rafiki yake Askofu Festo Kivengere alikimbia kwa miguu kuvuka milima hadi Rwanda, kisha akaandika kitabu kusema kwamba bado anampenda Amin.

Na Rwanda yenyewe? Nchi ulikozaliwa uamsho iliingia kwenye mauaji ya kimbari mwaka 1994, na baadhi ya viongozi wa kanisa walikuwa karibu mno na watawala. Wapo waliowaficha jirani zao wakauawa pamoja nao. Wapo waliokaa kimya. Mwandishi wa historia ya Gahini asiyetaja hilo anatuuzia kipande tu.

Leo, penye mabango ya mafuta ya upako na maji ya miujiza barabarani, uamsho wa wale wazee unaonekana wa kizamani: haukuuza chochote. Makaratasi ya Joe Church yamehifadhiwa Cambridge, na mtafiti yeyote anaweza kuyasoma. Kumbukumbu za walokole wa vijijini, waliorudisha ng'ombe na kulipa madeni, kwa sehemu kubwa zingali vichwani mwa watoto na wajukuu wao. Kama kwenu yupo bibi au babu aliyekuwa katika ushirika, mrekodi mwaka huu.