Stesheni ya Mgololo na Reli ya Uhuru katika Maisha ya Watu wa Mufindi

Igowole haijapata kupitiwa na reli. Hata hivyo, barabara inayokatiza kijijini humo inaunganisha njia mbili kubwa za nchi. Upande mmoja iko Nyololo, kwenye barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya. Upande wa pili, baada ya kupita Kibao, iko Mgololo, penye stesheni ya Reli ya TAZARA. Katika kuandika habari za miaka mia moja ya usharika, ni haki kuikumbuka stesheni hiyo, kwa sababu tangu katikati ya miaka ya 1970 imekuwa mlango mmojawapo wa kutokea na kuingilia Mufindi.

Kujengwa kwa reli

Reli hii haikujengwa kwa ajili ya vijiji. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta shaba yake inategemea njia zilizo mikononi mwa tawala za kibaguzi. Mataifa ya Magharibi na Benki ya Dunia yalikwisha kukataa kugharamia reli ya kwenda Dar es Salaam, yakisema haitalipa. Marais Julius Nyerere na Kenneth Kaunda wakageukia China, na mapatano yakatiwa saini Beijing Septemba 1967. China ilitoa mkopo usio na riba. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na reli yenye urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ilikuwa hii ya jirani. Kutoka Mlimba, katika joto la bonde la Kilombero, reli hupanda ukingo wa nyanda za juu mpaka Makambako, mahali palipo juu ya meta 1,600 kutoka usawa wa bahari. Umbali wake ni kama kilometa 158 tu, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya reli yote. Lakini karibu asilimia 30 ya kazi ya madaraja, mahandaki na kuchimba na kujaza udongo ilifanyika hapo. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo zenye urefu wa meta 50 hivi. Milima ilitobolewa na mabonde yakajazwa, kwa jasho la maelfu ya vijana wa Kitanzania waliofanya kazi bega kwa bega na mafundi wa Kichina. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha yao katika ujenzi wa reli hii, na makaburi ya wengi wao yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia nao walikufa kazini.

Kazi ya stesheni ndogo

Wageni wengi hudhani kwamba stesheni ndogo ni mahali pa kukatia tiketi tu. Lakini TAZARA ni reli ya njia moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana ila kwenye stesheni yenye njia ya pili. Stesheni masta hairuhusu treni kuondoka mpaka apate hakika kutoka kwa mwenzake wa stesheni inayofuata kwamba njia ni nyeupe. Katika miteremko na kona za Mgololo na Kiyowela, kazi hiyo ya kimya, inayofanywa usiku na mchana, hulinda maisha ya watu.

Kwa wanavijiji, stesheni ilikuwa pia soko. Nyanda za juu zina mahindi, maharage na viazi. Bondeni kuna mpunga na ndizi. Yale yasiyoota huku huota kule, na treni ilipita katikati. Mama mwenye magunia mawili ya viazi, asiyeweza kukodi lori, aliweza kulipa nauli ya daraja la tatu na kushuka na mzigo wake mpaka Mlimba au Ifakara, kisha akarudi na mchele. Treni fupi iliyokwenda kati ya Kidatu na Makambako, ambayo watu waliiita Kipisi, ilijulikana hasa kwa biashara ya namna hiyo. Wakati wa masika, barabara za udongo zilipogeuka tope, reli ilibaki njia ya kutegemewa, na wagonjwa, wanafunzi na wafiwa waliisubiri pamoja.

Reli pia ilileta kiwanda. Misitu ya misonobari ya Sao Hill, maji ya mto na njia ya reli vilifanya Mgololo ichaguliwe kuwa mahali pa kiwanda cha karatasi, Southern Paper Mills, kilichoanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980. Baadaye kilibinafsishwa na kuitwa Mufindi Paper Mills.

Miaka ya upungufu

Reli ilikusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Haikufikia kiasi hicho, na mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba tani 88,000 hivi tu. Injini na mabehewa vilichakaa, malori yakachukua mizigo, na treni za abiria zikawa chache na za kuchelewa. Mwaka 2000, huduma ya treni za abiria wa vijijini ilipokuwa katika hatari ya kuondolewa, wakazi wa kando ya reli waliwaandikia viongozi wa wilaya barua ya malalamiko. Reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba ilikuwa imekwisha kuwa mali yao, nao hawakukubali kunyang'anywa bila kusema.

Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina ya CCECC ili kuifufua reli kwa dola za Marekani bilioni 1.4. Hizo ni habari njema. Lakini hesabu za mkataba wa namna hiyo hufanywa kwa tani za shaba na si kwa magunia ya viazi, na shaba haina haja ya kusimama Mgololo. Ni wajibu wa viongozi na wananchi wa Mufindi kusema mapema kwamba treni inayopita bila kusimama haijawafikia.

Wazee waliovunja mawe na kubeba mataruma wanazidi kupungua. Vijana wa usharika wangefanya vema kukaa nao na kuandika majina na habari zao wangali hai, ili miaka mia ijayo isikose mashahidi.