Mtoto Aanze Kula Lini?

Natumaini kila darasa limekwisha kukusanyika, na wazee wamepewa viti vya karibu na redio. Leo tutasoma historia ya jambo dogo linalofanyika majumbani mwetu kila siku: mtoto mchanga kupewa uji kwa mara ya kwanza. Pengine utaniuliza, "Je, kijiko cha uji nacho kina historia?" Kinayo, tena ndefu, na watoto wengi wamepotea ndani yake.

Nasema hasa nanyi mnaolea watoto wa wenzenu: mayaya, walezi wa vituo vya watoto wachanga, na mabibi walioachiwa wajukuu. Mama yuko kazini. Mtoto yu mikononi mwako, analia. Uji uko jikoni. Umpe, usimpe?

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi mitatu, mlezi wake alimwona analia sana mchana, akaamua kwamba ana njaa. Akampa uji. Mtoto akausukuma nje kwa ulimi. Akampa tena, akausukuma tena. Mlezi akasema, "Mtoto huyu ana kiburi." Siku ya tatu akaanza kuharisha, nasi tukalala naye hospitali siku nne. Simlaumu yule mama. Sisi wazazi hatukumwambia neno. Lakini ule ulimi ulikuwa ukisema jambo, nasi hatukujua kuusoma. Nitaurudia baadaye.

Tuanze mbali kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walisema mtoto anyonye tu mpaka akaribie kutimiza mwaka mmoja. Waliogopa sana kuharisha, na walikuwa na sababu, kwa maana kuharisha kuliua watoto wengi katika miji yao. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1928 kampuni ya Gerber huko Marekani ilianza kuuza mboga zilizopondwa ndani ya mikebe, tayari kwa mtoto. Mkebe ukishakuwa dukani, ni vigumu kumwambia mama angoje. Mwaka hata mwaka umri ukashuka: miezi sita, miezi minne, miwili. Mwaka 1953 daktari mmoja wa Florida, Walter Sackett, aliandika kwamba aliwaanzisha watoto nafaka siku ya pili au ya tatu baada ya kuzaliwa. Siku ya tatu, jamani! Kitovu hakijaanguka.

Tazameni basi. Katika muda wa miaka hamsini hivi, wasomi walitoka karibu mwaka mmoja wakafika siku tatu. Tumbo la mtoto halikubadilika hata kidogo katika miaka hiyo.

Huku Afrika taabu ilikuwa ya namna nyingine. Mwaka 1929 daktari bibi aitwaye Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alifika Gold Coast, nchi ambayo sasa ni Ghana. Katika hospitali ya Accra aliletewa watoto wa mwaka mmoja hadi minne, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, ngozi inabanduka. Vitabu vyake havikumsaidia. Basi akafanya jambo ambalo wakubwa wengi wa zamani zile hawakulifanya: aliwauliza akina mama wenyewe. Wao walikuwa na jina la ugonjwa huo katika lugha yao ya Kiga, yaani kwashiorkor, nasi wengi twasema kwashakoo. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa.

Fikirini, jina lile peke yake ni somo zima. Mtoto ameachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja, na badala ya maziwa amepewa uji wa mahindi mtupu. Tumbo limejaa, mwili una njaa. Bibi Williams aliandika habari hizo mwaka 1933, na madaktari wengine wakambishia. Mwaka 1935 akaandika tena, akalitumia jina lile la akina mama. Leo limo katika vitabu vya uganga vya dunia nzima.

Majirani zetu wa Uganda waliifanyia kazi habari hii. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1965 kilifunguliwa kituo cha Mwanamugimu. Akina mama walikaa pale na watoto wao waliodhoofika, wakajifunza kupika kwa vitu vya shambani kwao: ndizi, maharage, karanga, samaki, vyote katika chungu kimoja, vikapondwa pamoja. Waganda huuita mchanganyiko huo kitobero. Hapana mkebe wa dukani ndani yake.

Basi mapema mno kuna kuharisha, na kuchelewa au kula uji mtupu kuna kudhoofika. Mwaka 1974 kamati ya serikali ya Uingereza ilisema mtoto asipewe chakula kabla ya miezi minne. Mwezi wa Mei mwaka 2001, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani huko Geneva ulishauri maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila hata maji. Kisha chakula kianze, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi. Sababu moja ni hii: mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, na ifikapo miezi sita hivi akiba hiyo yapungua sana. Maziwa peke yake hayatoshi tena.

Lakini kalenda haimwoni mtoto. Wewe unamwona. Na sasa narudi kwenye ule ulimi. Mtoto mchanga, kitu kigumu kikimwingia mdomoni, ulimi wake hukisukuma nje ili asipaliwe. Si kiburi. Ni mlinzi mlangoni. Mlinzi huyo huanza kuondoka kati ya mwezi wa nne na wa sita. Aliye tayari hukaa akishikiliwa kidogo, shingo imekaza, kichwa hakiyumbi. Hutazama chakula chako, hunyosha mkono kukishika, hufungua kinywa kijiko kikija, na humeza. Dalili hizi zije pamoja, na miezi sita iwe imefika au inakaribia sana. Kulia peke yake si dalili. Kunyonya ngumi, kuamka usiku, unene, hata kuota jino, si dalili. Aliyezaliwa kabla ya siku zake, mama aulize kliniki kwanza.

Siku ya kwanza vijiko viwili au vitatu vyatosha. Uji uwe mzito kiasi cha kukaa kwenye kijiko, na siku zifuatazo utiwe maharage yaliyopondwa, samaki aliyetolewa miiba, au yai lililoiva. Kutoka miezi sita hadi minane ale mara mbili au tatu kwa siku. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Akigeuza uso, ameshiba, usimshike pua. Wako wanaofanya hivyo mpaka leo, na mtoto hupaliwa.

Tena, mlezi, usimwanzishe kimya kimya. Jioni mama akija, mwambie, "Mama Fulani, leo mtoto alinyoshea mkono sahani yangu." Naye mama akuambie aliyoyasikia kliniki, na akuachie maziwa yake aliyoyakamua, katika chombo safi chenye kifuniko.

Kazi ya wiki hii ni fupi. Mwulize mwanamke mzee kuliko wote nyumbani kwenu: wewe ulipewa uji ukiwa na umri gani, na uji huo ulitiwa nini? Andika jibu lake kwa mistari miwili au mitatu, ulete darasani. Asiyeweza kuandika peke yake bado, mwenzake amshikie daftari. Kwaherini.