Fungu la Mto

Hesabu ya maji ya Ruaha Mkuu ilikuwa rahisi hapo zamani: kila mtu achote atakacho, mabaki yawe ya mto. Na mabaki yalikuwapo. Mbarali, Kimani, Chimala na mito mingine iliteremka kutoka nyanda za juu ikaingia bonde la Usangu, ikalisha kinamasi cha Ihefu, na kutoka huko maji yakaenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha masika na kiangazi. Mashamba ya mpunga yakapanuka, mifereji ikaongezeka, hata kiangazi cha 1993 mto ukakatika Hifadhini. Viboko wakabaki kugombania vidimbwi vya tope.

Wafugaji walilaumiwa sana. Mwaka 2006 waliondolewa Usangu na mifugo yao, na mwaka 2008 Ihefu ikaingizwa Hifadhini. Mto ukaendelea kukauka. Sikushangaa: ng'ombe hunywa akaondoka, mfereji haushibi.

Kwa kuwa nilifundisha hesabu, kilichonivutia zaidi ni tarakimu za wataalamu. Walikadiria kwamba ili mto usikatike Hifadhini kiangazi, yatosha nusu mita ya ujazo kwa sekunde, yaani ndoo 25 za lita 20. Kidogo sana! Lakini ili hizo 25 zitoke, Ihefu lazima iingiziwe kama mita 7, yaani ndoo 350. Kinamasi kina kizingiti cha mwamba pale Ng'iriama, mfano wa mdomo wa mtungi. Maji yakishuka chini yake, halitoki hata tone, na huku jua na majani havikomi kuyanywa.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Sera ya Maji ya 2002 ikayapa mazingira nafasi ya pili, nyuma ya mahitaji ya msingi ya binadamu na mbele ya matumizi mengineyo. Sheria ya 2009 ikaitambua akiba hiyo. Mwaka 2010 ukapita, na viangazi vilivyofuata mto ukakauka vilevile.

Hata hivyo siwezi kumtwisha mkulima wa Mbarali lawama zote. Ada ya shule ya mwanawe inatoka kwenye mpunga huo, na mlango wa mfereji uko karibu na jaruba lake. Kiboko yuko mbali huko chini, wala hana wa kumsemea katika kikao cha kugawana zamu za maji.