Pete Ndogo Iliyokula Betri Zangu

Wasee, leo naongelea tundu. Lile tundu la pedali ya gitaa unalochomekea waya kila siku na hujawahi kuliangalia mara mbili.

Nilinunua pedali ya mtumba, haina swichi ya kuwasha popote. Ile ya kukanyaga inabadilisha sauti tu. Kila wiki betri ya 9V inakufa. Nikapeleka kwa fundi, akaniambia transista imechoka, nikalipa. Wiki iliyofuata betri ikakufa tena. Hapo ndipo nilikasirika nikaanza kusoma, na kumbe hadithi inaanza kwa simu.

Mwaka 1878, kule New Haven, Marekani, watu walianza kuunganishiwa simu na mtu anayekaa mbele ya ubao wa kuunganishia laini. Charles Scribner wa Western Electric alibuni soketi ambayo mwanzo ilifanana na kisu cha kukunja, na ndiyo maana Wamarekani wakaiita jeki. (Siyo jeki ya gari, tulia.) Plagi iliyokuja kuzoeleka kwenye ubao huo ina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Ncha na pete zinabeba mazungumzo, shina linamwonyesha operata kama laini ina mtu. Wengi hudhani pete ni ya kengele ya simu. Hapana, ni umbo lake tu, kama pete ya kidole.

Gitaa ikairithi plagi hiyo, unene ule ule wa milimita 6.35, lakini haikuhitaji sehemu tatu. Sauti inapita kwenye ncha, ardhi kwenye shina, basi. Pete ikabaki bila kazi.

Sasa ingia Nashville. Kwenye rekodi ya Marty Robbins, wimbo uliotoka 1961, mtambo wa studio uliharibika na gitaa ya besi ikatoka ikikwaruza vibaya. Glenn Snoddy, fundi wa sauti, badala ya kufuta aliupenda huo mkwaruzo, akatafuta njia ya kuutengeneza kwa transista. Gibson wakauza kifaa hicho 1962 kama Maestro FZ-1 Fuzz-Tone, kinachotumia betri mbili za 1.5V. Keith Richards akakitumia 1965 kwenye "Satisfaction" na kila mtu akataka moja.

Lakini kitu cha betri lazima kizimwe. Ukiongeza swichi ni gharama, na mwanamuziki atasahau kuizima. Jibu lilikuwa ile pete. Fuzz Face ya 1966, ile ya mviringo ya Arbiter kutoka London, tayari inafanya hivi: tundu la kuingizia ni la stereo, na upande mmoja wa betri umeunganishwa na mguu wa pete badala ya kwenda ardhini moja kwa moja. Bila plagi, njia imekatika. Ukichomeka waya wa kawaida wa gitaa, shina lake refu linagusa mguu wa pete na mguu wa ardhi kwa pamoja, umeme unazunguka, pedali inaamka. Boss walipoanza pedali zao ndogo 1977 waliendelea na mtindo huo huo. Yaani plagi yako ndiyo swichi.

Kwa hivyo pedali yangu haikuwa na ugonjwa. Mimi ndiye nilikuwa namaliza mazoezi, naning'iniza gitaa, naacha waya umechomekwa. Betri inafanya kazi usiku kucha ikingoja mtu acheze. Na yule fundi alifungua, akaona nyaya tatu kwenye tundu la gitaa, na hakuuliza ya tatu ni ya nini. Pesa yangu sikurudishiwa, bado inaniuma bana.

Halafu nikaumwa kutoka upande wa pili. Jumapili moja kanisani waya wangu ulikatika, nikaazima mwingine kwa watu wa mitambo. Pedali kimya, taa hakuna, na betri ni mpya. Niliangalia ncha ya waya wao: mistari miwili myeusi badala ya mmoja. Waya wa stereo! Una pete yake yenyewe, kwa hivyo shina haligusi mguu wa pete, na betri haina njia. Sikuwa na waya mwingine na kwaya ilikuwa imeshasimama. Nilicheza ibada nzima bila pedali.