Video ikigoma kwenye kompyuta, usikimbilie kufuta programu

KUHARIRI video ni kazi ambayo miaka ya nyuma ilifanywa na vituo vya televisheni na studio chache zenye mitambo ya gharama kubwa. Siku hizi hufanywa pia na vijana wengi wa mijini ambao, kwa kompyuta moja na simu ya mkononi, hurekodi harusi, mahafali na ibada kwa malipo.

Jambo moja huifanya kazi hiyo kuwa nzito: tukio halirudiwi. Maharusi hawawezi kuitwa kula kiapo mara ya pili kwa sababu picha zimepotea. Ndiyo maana hitilafu ndogo humtia mhariri hofu, na hofu humsukuma kuchukua hatua zinazoongeza madhara, kama kufuta programu na kuiweka upya, au kufuta mafaili ili kupata nafasi.

Hata hivyo, hitilafu nyingi hazitokani na programu yenyewe, bali na mafaili iliyopewa au diski yanamohifadhiwa. Zifuatazo ni tano zinazojitokeza mara kwa mara, iwe ni katika Adobe Premiere Pro, DaVinci Resolve au programu nyingine.

Picha kutoonekana

Mhariri hufungua kazi ya jana na kukuta ujumbe kwamba picha hazipatikani. Ikumbukwe kuwa faili la kazi halina picha ndani yake. Lina orodha ya maamuzi ya mhariri pamoja na maelezo ya mahali picha zilipo.

Folda ikihamishwa au ikibadilishwa jina, au diski ya nje isipochomekwa, programu hushindwa kuzipata. Dawa ni kuirudisha folda mahali pake, au kuionyesha programu mahali papya. Anayefuta picha za awali akidhani zimekwishaingia ndani ya programu hupoteza kila kitu.

Sauti kuachana na midomo

Kwanza chunguza kama tofauti ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ni ileile, sogeza sauti mbele au nyuma, na tatizo litakuwa limekwisha.

Ikiwa tofauti huongezeka kadiri video inavyoendelea, chanzo mara nyingi ni simu. Video ni mfululizo wa picha mnato, yaani fremu, na programu nyingi hutarajia idadi isiyobadilika, kwa mfano 25 au 30 kwa sekunde. Simu nyingi hubadilisha idadi hiyo zinaporekodi, hasa penye mwanga hafifu.

Programu ya bure iitwayo HandBrake huweza kutengeneza nakala yenye idadi ya fremu isiyobadilika. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kuanza kuhariri, si baada yake.

Picha kukwamakwama

Mifumo ya kubana video ya H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003, na H.265 ya mwaka 2013, huhifadhi fremu chache kwa ukamilifu. Kwa zilizobaki, huhifadhi mabadiliko tu. Faili huwa dogo, lakini kompyuta hulazimika kukokotoa upya kila fremu inayoonyeshwa.

Hapo tengeneza nakala nyepesi za kuhariria. Programu kubwa zina uwezo huo. Video ya mwisho hutolewa kutokana na picha za awali, hivyo ubora haupungui.

Programu kujifunga inapotoa video

Angalia inaishia wapi. Ikijifunga mahali palepale kila mara, shuku kipande cha picha au madoido yaliyowekwa hapo. Toa nusu ya kwanza ya video peke yake, kisha nusu ya pili, na uendelee kuigawa nusu yenye kasoro hadi ukifikie kipande husika.

Ikijifunga mahali tofauti kila mara, chunguza joto la kompyuta, nafasi iliyobaki kwenye diski, na programu endeshi ya kadi ya picha.

Video kukataa kuingia kwenye flashi

Flashi nyingi hutumia mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4, hata kama flashi yenyewe ni ya GB 32. Video ya saa moja yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde hufikia takriban GB 4.5, hivyo hukataliwa.

Suluhisho ni kuigawa video vipande viwili, au kuiandaa flashi upya kwa mpangilio wa exFAT. Kuiandaa upya hufuta vyote vilivyomo. Aidha, si kila televisheni husoma exFAT, hivyo hakikisha kwanza kwamba ya mteja inausoma.

Tahadhari

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi kazi kwa jina jipya ili ya awali ibaki salama. Picha zilizotoka kwenye kamera ziwe na nakala mbili katika diski mbili tofauti.

Mwisho, kadi ya kamera isifutwe hadi mteja awe amepokea video yake, ameitazama yote na kuridhika nayo. Programu inaweza kuwekwa upya kwa saa moja, lakini kiapo kilichofutika hakirudi.